Kitanda Alichokikataa Diwani

Paka wa Atupele aliitwa Diwani, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa na kitambi, kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba kusalimia watu, na kazi iliyomleta hakuifanya hata siku moja. Aliletwa kukamata panya. Bibi Dominika, mwenye nyumba, alimkabidhi kwa Atupele siku ileile aliyomkabidhi funguo za vyumba vitatu vya mbele, akamwambia panya wa Sumbawanga hawaogopi mtu. Panya walibaki. Diwani alijichagulia kitanda cha Sharon, mtoto wa Atupele wa miaka sita, akawa analala miguuni pake kila siku kama vile kodi ya chumba kile alilipa yeye.

Miaka miwili ilipita hivyo bila neno. Atupele alikuwa mtu wa Tukuyu, amehamishiwa Sumbawanga kutunza mafaili katika masjala ya ofisi moja ya serikali. Mumewe, Obedi, alikuwa mpakani Kasesya akihangaika na karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia, na nyumbani alionekana Jumamosi na Jumapili tu. Siku zilizobaki nyumba ilikuwa ya mama, mtoto na paka. Nyuma, ng'ambo ya ua, alikaa Bibi Dominika mwenyewe, mjane wa Kifipa asiyekosa Misa ya kwanza, pamoja na kuku wake wachache.

Juni ile baridi ya Ufipa ilikuja na upepo unaopenya hata kwenye tundu la ufunguo. Obedi alileta magunia sita ya mahindi kutoka Msanzi, yaliyopukuchuliwa tayari. Jumamosi waliyamwaga juu ya turubai uani, wakayachanganya kwa koleo na ile dawa ya unga inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, wakayarudisha kwenye magunia na kuyapanga stoo. Kila nyumba hufanya hivyo baada ya mavuno, na asiyefanya hivyo, ikifika Desemba anakula dumuzi badala ya mahindi. Pakiti moja ya dawa ilibaki nusu.

Jioni hiyohiyo Atupele alimwona Sharon anajikuna miguu. Akamgeuza, akaona vidoti vyekundu kuanzia kwenye kifundo mpaka gotini. Viroboto. Akaiangalia ile nusu pakiti, akawaza kwamba dawa inayoua dumuzi ndani ya gunia haiwezi kushindwa na kiroboto. Alikwisha kuwasikia wanawake wenzake bombani wakijisifu kwamba wamewahi kuitumia hivyo. Basi aliinua shuka, akanyunyiza juu ya godoro, akapitisha kwenye mikunjo ya blanketi, na Diwani naye akamwekea kidogo mgongoni na kumsugua. Akanawa mikono, akasahau.

Jumatatu jioni Diwani alikataa kuingia chumbani.

Alikaa kwenye korido, hatua mbili kutoka mlangoni, masikio ameyalaza nyuma. Sharon alimwita kutoka kitandani, "Diwani, njoo tulale." Paka akamtazama, akatoa sauti ya chini kifuani ambayo Atupele hakuwahi kuisikia kwake. Atupele akacheka. "Huyu naye ameanza siasa," alisema, akazima taa.

Jumanne Sharon alilia kwamba hapati usingizi bila paka wake. Atupele akamnyanyua Diwani, akaingia naye chumbani, akamweka kitandani kwa nguvu kama unavyomweka mtoto mkaidi kwenye beseni. Diwani alimkwaruza mkono kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, akaruka, akagonga pazia, akatoka nje kama mshale. Atupele akamrushia kandambili, ikampata mgongoni. Pale kwenye korido paka aligeuka akamtazama. Masikio yalikuwa yanachezacheza yenyewe. Ngozi ya mgongoni ilikuwa inapwita ingawa hakuna aliyemgusa. Ute mrefu ulining'inia kwenye mdomo wake ukagusa sakafu. Hapo Atupele aliogopa, na kuanzia hapo hakuacha kuogopa.

Jumatano hali ilikuwa mbaya zaidi. Ukiweka sahani mezani, Diwani anaruka. Ukikohoa, anafoka. Alikuwa amejiwekea makao katikati ya korido na hakutaka mtu apite, hivyo Atupele alikwenda jikoni akiwa ametanguliza fagio. Mtu mzima, mtumishi wa umma mwenye kiti chake ofisini, anajihami kwa fagio ndani ya nyumba anayoilipia kodi. Angekuwa ni mtu mwingine angemcheka mpaka mbavu zimuume, lakini alikuwa yeye.

Alhamisi asubuhi, Sharon akiwa amekwisha kuvaa sare za shule, alikwenda kupatana na paka wake. Diwani alikuwa chini ya kochi. Mtoto akapiga magoti, akapeleka mkono, akamwambia maneno fulani ya kumbembeleza. Atupele alikuwa jikoni anamimina chai. Alisikia ukelele mmoja mfupi, na alipofika sebuleni, damu ilikuwa inadondoka kwenye soksi nyeupe. Meno yalikuwa yameingia chini ya kidole gumba.

Mambo mengine huwa tunayasikia redioni tukidhani ni ya watu wengine. Atupele alimburuta Sharon mpaka bombani, akaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, mtoto analia, yeye analia, maji ya baridi kali yanawakatakata vidole wote wawili. Kisha akapanda bodaboda naye, wakaenda hospitali.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama mtulivu, anaandika huku anauliza. "Paka amechanjwa?"

"Hapana."

"Alichokozwa?"

"Hapana. Siku tatu hizi amebadilika. Anatoa mate, anatetemeka."

Kalamu ikasimama kidogo, ikaendelea. Sharon akachomwa sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa, akaandikiwa siku za kurudi kwa nyingine. "Msimuue paka," muuguzi alisema. "Mfungieni siku kumi mumwangalie. Akifa, mje mbio mtuambie. Akipona, mshukuru Mungu. Sindano zitaendelea vyovyote vile."

Atupele akauliza swali ambalo baadaye alitamani asingeliuliza. "Na mtu akishaanza dalili?"

Muuguzi alimtazama Sharon, akaona mtoto anachezea kamba ya kiatu, akashusha sauti. "Akishaanza dalili, mama, hakuna tiba. Ndiyo maana tunachoma mapema."

Atupele aliondoka na maneno hayo. Akienda sokoni yako naye, akikaa yako naye.

Bwana mifugo wa kata, Kasmir, alikuja mchana na glavu za ngozi na kiroba. Alipambana na Diwani chini ya kochi dakika kumi, akatoka naye akiwa amefungwa ndani ya kiroba anapiga kelele za kutisha. Bibi Dominika mwenyewe ndiye aliyetoa banda lake la waya. "Kuku wangu watalala jikoni," alisema. "Mwekeni hapa uani, nitamwangalia mchana nyie mkiwa kazini." Kasmir akamwekea paka maji na dagaa, akaweka jiwe juu ya kifuniko, akasema atapita kila siku.

Ijumaa Atupele alikwenda ofisini, mwili uko masjala, roho iko nyumbani. Mwenzake wa meza ya pili, Masunga, alimsikiliza habari yote mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Dada Atupele, huyo paka mlimpata wapi?"

"Alitupa mwenye nyumba."

"Yule bibi mwenyeji?"

"Ndiyo."

Masunga akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi simsemi mtu vibaya. Nauliza tu. Paka wa kupewa, hapa Sumbawanga?"

Wenyeji wameyachoka maneno haya mpaka basi. Mgeni akiumwa tumbo kwingine kokote, ni maji machafu. Akiumwa tumbo Sumbawanga, ni mtu. Mji umebebeshwa sifa hiyo ya uchawi miaka nenda miaka rudi, na wanaoitangaza kwa bidii ni wale walioshuka kwenye basi juzi na hata njia ya kwenda sokoni hawajaijua. Atupele mwenyewe alikuwa akiwakemea watu wa kwao walipomtania hivyo kwenye simu. Lakini mtu mwenye hofu hachagui la kuamini. Aliporudi nyumbani akamkuta Bibi Dominika amemletea Sharon uji wa ulezi kwenye bakuli la bati, alishukuru kwa heshima zote, akasubiri bibi avuke ua, akaenda kuumwaga nyuma ya choo.

"Mama, kichwa kinauma," Sharon alisema jioni hiyo.

Atupele alimpapasa paji la uso. Halikuwa na joto. Ni baridi, alijiambia, ni sindano, ni shule. Akafunga dirisha kabisa, akaziba ufa wa chini ya mlango kwa kanga, akaongeza blanketi. Alipomlaza, mtoto alijikuna mguu. Basi Atupele akaleta ile pakiti, akanyunyiza dawa yote iliyobaki, safari hii bila ubahili, chini ya shuka na kati ya mablanketi mawili, ili angalau viroboto wamwache mtoto wake alale.

Asubuhi ya Jumamosi mto ulikuwa umelowa mate.

Atupele alisimama pale kitandani, na kijasho chembamba kikamtoka mgongoni. Sharon alikuwa anatoa jasho naye, kwenye baridi ile ambayo watu walikuwa wanavaa makoti ndani ya nyumba. Alisema tumbo linakata. Akatapika. Alipojaribu kusimama kwenda chooni, miguu ilimtetemeka akashika ukuta. Na Atupele alipomshika mkono, aliona nyama ya mkono inapwita yenyewe chini ya ngozi, vilevile kama mgongo wa Diwani ulivyokuwa ukipwita.

Akamrudisha kitandani, akamfunika vizuri.

Obedi alifika mchana, vumbi la Kasesya bado liko kwenye viatu. Alimwangalia mtoto, akatoka uani. Atupele akamfuata. Kwenye banda la waya Diwani alikuwa anakula dagaa. Alikula taratibu, akamaliza, akaanza kujilamba kifua. Masikio yalikuwa yametulia, na ute haukuwepo. Bibi Dominika alikuwa amekaa kwenye kigoda anapembua maharage, akawatazama na kutabasamu.

"Shikamoo bibi," Obedi alisema.

"Marahaba, Baba Sharon. Mgonjwa wenu huyo hapo, anapata nafuu. Jana jioni ameanza kula."

Obedi alirudi ndani, akafunga mlango wa nyuma kwa komeo. "Umeona?" alimwambia mkewe. "Paka anapona, mtoto anaumwa."

"Nimeona."

"Kimehama. Kimetoka kule kimekuja huku."

Atupele alitaka kumwambia aache upuuzi, maana hayo ndiyo maneno aliyoyakemea kwa wengine. Lakini kila alichokiona chumbani kilikuwa kilekile alichokiona kwenye korido: mate, kutetemeka, kushtuka kijiko kikianguka. Kiliondoka kwa mmoja kikaingia kwa mwingine, kama mtu aliyehama chumba.

"Tumpeleke hospitali," alisema hatimaye.

"Wakafanye nini? Si wewe uliyeniambia walivyosema? Akishaanza dalili hakuna tiba." Obedi alimwonyesha simu. "Nimempigia mchungaji. Kesho akitoka kwenye ibada anakuja na wazee wawili. Tuvumilie mpaka kesho."

Na Atupele akakubali. Lazima isemwe kwamba alikubali, kwa sababu kwenda hospitali ilikuwa ni kwenda kuambiwa, na asingeweza kuambiwa. Hapa nyumbani, dirisha likiwa limefungwa, mtoto bado alikuwa hajatamkiwa neno.

Jumapili asubuhi aliingia chumbani na kikombe cha maji ya uvuguvugu. Sharon alikuwa amejikunja, macho yanatoa machozi bila kulia, kifua kinakoroma. Atupele alimwinua kichwa, akamsogezea kikombe mdomoni. Mtoto akageuza uso ukutani.

"Sitaki maji."

"Kunywa kidogo tu, mwanangu."

"Sitaki. Ondoa maji."

Kikombe kilimponyoka Atupele kikamwagika sakafuni. Hakuna mtu asiyejua kwamba mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Hata watoto wa darasa la tatu wanaijua. Alitoka chumbani kinyumenyume akakaa chini kwenye korido, pale pale alipokuwa akikaa Diwani. Alitaka kupiga yowe, ila mtoto angesikia.

Saa tatu hivi mlango wa nyuma ukagongwa, Atupele akaenda kufungua komeo. Bibi Dominika alikuwa ametoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani, rozari bado imezungushwa kwenye kiganja. "Sijamwona mjukuu wangu tangu juzi," alisema. "Nimekuja kumwona."

Atupele alirudi nyuma akasimama katikati ya mlango wa chumba, mikono kwenye fremu huku na huku. Alikuwa hajapata kumzuia mtu mzima mlango maishani mwake. "Amelala, bibi."

Obedi alitokea sebuleni. Alikuwa amevaa shati la kanisani na hajafunga vifungo. "Bibi, sisi tunakuheshimu," alisema, sauti inapanda. "Umetukalisha kwako vizuri. Lakini kile ulichokiweka kwa paka, na sasa kiko kwa mwanangu, nakuomba ukitoe. Kitoe leo. Sitamwambia mtu."

Bibi Dominika alikuwa amesimama mbele ya Atupele, karibu kiasi cha kugusana vifua, na uso wake ulikuwa umeinuka kidogo. Atupele alidhani anasali. Kisha akaona kwamba anavuta pumzi kwa pua, mara moja, mara ya pili.

"Mama Sharon," bibi alisema, "humu mmeweka mahindi?"

"Hapana. Mahindi yako stoo."

"Basi mbona kunanuka stoo?"

Obedi alikuwa bado anasema, lakini Atupele hakusikia tena anasema nini. Aliingia chumbani, akausukuma mlango nyuma yake. Akapiga magoti kando ya kitanda, akainua ukingo wa shuka. Unga ulikuwa pale, wa rangi ya majivu. Mahali ulipolala mgongo wa mtoto, jasho lilikuwa limeulowesha ukawa tope, na tope hilo lilikuwa limeganda kwenye fulana ya Sharon na kwenye ngozi yake. Harufu ilimpanda puani, kali, ileile ya uani siku ya turubai. Alikuwa ameinusa wiki nzima akaizoea.

Akalishusha shuka.

Tangu Jumanne alikuwa anaogopa kitu kilichotoka nje kikaingia ndani. Sasa aliogopa vidole vyake mwenyewe. Nje ya mlango Obedi alikuwa anamwambia mwanamke wa miaka sabini kwamba atamwita mtendaji, atamwita polisi, na Atupele alijua kwamba kusema neno moja kungemnyamazisha, akashindwa kulisema. Alimzoa Sharon na blanketi lake, akatoka.

"Tunakwenda hospitali."

"Mchungaji je?"

"Atatukuta huko."

Bajaji ilipatikana barabarani. Bibi Dominika hakukaribishwa, alipanda tu. Akachukua miguu ya mtoto akaiweka mapajani pake, na harufu ya blanketi ilipomfikia puani akalivua kimyakimya, akalisukumia chini sakafuni, akamfunika Sharon kwa mtandio wake wa kanisani. Obedi, aliyebanwa pembeni ya dereva, hakugeuka nyuma.

Daktari wa zamu siku hiyo aliitwa Luciana, mwanamke kijana mwenye sweta chini ya koti jeupe. Alisikiliza habari ya paka huku anamulika macho ya Sharon kwa tochi ndogo. Akamulika tena. Atupele, aliyekuwa amemshika mtoto mabega, aliyaona naye: mboni zilikuwa zimesinyaa mpaka zikawa punje za ulezi.

"Aling'atwa lini?"

"Alhamisi," Obedi alisema.

"Kichaa cha mbwa hakiji kwa siku tatu, baba. Na mboni hazifanyi hivi." Aliweka kipimo kifuani kwa mtoto, akasikiliza, uso ukakaza. "Amekunywa sumu? Amegusa dawa yoyote ya wadudu, ya shambani, ya mifugo?"

"Hapana, daktari. Mimi ni baba yake nakwambia hapana. Ni paka. Paka alitolewa na huyu bibi."

Daktari hakumwangalia bibi wala hakumwangalia Obedi tena. Alimwangalia Atupele. Sharon alikohoa, povu likamtoka kwenye kona ya mdomo, na mlio wa kifua chake ukasikika chumba kizima.

"Mama, wewe ndiye unayekaa naye. Nikimtibu kwa kukisia nitapoteza muda, na mtoto huyu hana muda."

Atupele alifungua mdomo. Alimwona mumewe kwa pembe ya jicho. Aliona rozari kwenye mkono wa yule mzee. Kwa kitambo alichohesabu kwa mapigo ya kifua cha mwanawe, alikuwa anaogopa kusema zaidi ya alivyoogopa kifo. Sharon akakoroma tena.

"Nilimwekea mimi," alisema. "Dawa ya mahindi. Kitandani, kwa ajili ya viroboto. Nimeweka mara mbili. Ijumaa nimemaliza pakiti."

Daktari alikuwa amekwisha kugeuka. "Mvueni nguo zote," aliwaambia wauguzi. "Aoshwe mwili mzima kwa sabuni, na nywele, sasa hivi. Leteni oksijeni." Akaita dawa kwa jina ambalo Atupele hakulishika, na chumba kikajaa watu. Atupele akasukumwa pembeni.

Walikaa kwenye benchi la nje. Obedi alimtazama mkewe kama mtu anayejaribu kukumbuka sura aliyoiona zamani mahali fulani. Baada ya muda akainuka, akaenda kupiga simu kwa mchungaji, akasimama mbali kwenye uzio akiwapa mgongo. Atupele alikuwa anahesabu mara ambazo muuguzi anatoka na kuingia. Kila mlango ulipofunguka aliinuka. Bibi Dominika alikaa kando yake anasali rozari, na hata mara moja hakumgusa.

Saa saba daktari alitoka kusema wanaendelea kumchoma dawa mpaka mate yakauke. Saa tisa alisema yameanza kukauka. Saa kumi na moja jioni muuguzi alimwita Atupele ndani. Sharon alikuwa na mrija puani na midomo imepasuka. Macho yalikuwa wazi.

"Anaomba maji," muuguzi alisema. "Mpe."

Atupele alimsogezea kikombe mdomoni. Sharon alikunywa yote, akatulia apumue, akaomba mengine. Atupele alilia hapo kwa sauti, mbele za watu, bila aibu.

Obedi alikwenda mbele ya Bibi Dominika kwenye benchi, akainama. "Bibi, nimekukosea."

"Umenikosea," bibi alisema. Akakusanya rozari yake, akaiweka kwenye pochi. Hakumwambia yamekwisha. Alikwenda nyumbani kwa miguu, na Jumatatu asubuhi alirudi na uji wa ulezi kwenye bakuli lilelile la bati, akamwekea Atupele mikononi, akasubiri mpaka Atupele mwenyewe alipokunywa kwanza.

Sindano ya pili ya kichaa cha mbwa Sharon alichomwa akiwa wodini. Kasmir alifika nyumbani wakiwa hawapo, akaburuta godoro na mablanketi nje kwa glavu, akayafukia mbali na kisima. Akamwosha Diwani kwa sabuni, kazi iliyomgharimu mikwaruzo mitatu. Siku ya kumi ilipofika, paka alikuwa mzima na mwenye hasira za kawaida, akafunguliwa. Alizunguka nyumba zake zote kusalimia watu, na jioni akalala jikoni kwa Bibi Dominika.

Lakini kabla ya hapo, Alhamisi, Sharon alirudishwa nyumbani. Atupele alikuwa amesugua chumba kuanzia dari mpaka sakafu. Mashuka yalifuliwa mara tatu yakaanikwa juani. Dirisha lilikuwa wazi na baridi ilikuwa imejaa chumba kizima. Godoro lilikuwa la kuazima, kutoka ng'ambo ya ua. Jua likiwa linakaribia kuzama, alimvalisha mtoto sweta na soksi, akafunua shuka, akampisha apande.

Sharon hakupanda. Alisimama kando ya kitanda, amekonda, nywele zimenyolewa. Aliinama, akaweka pua kwenye shuka. Akasogea, akanusa mto. Akainua ncha ya blanketi, akalinusa upande mmoja na upande wa pili, bila haraka.

"Mikono," Sharon alisema.

Atupele akamnyooshea mikono yote miwili, viganja juu. Mtoto akanusa mmoja, akanusa na mwingine, kisha akapanda kulala.